Shanga Zinakotoka

Miaka hiyo nilikuwa natunga shanga katika chumba kimoja Doornfontein, ghorofa ya tatu. Tulikuwa wawili mle ndani: mimi wa Tanga, na mama mmoja fundi cherehani kutoka Bukavu. Yeye alikaa dirishani, mimi mlangoni na trei zangu.

Asubuhi moja akaingia mzee wa Kizungu mwenye fimbo, anahema kwa sababu ya ngazi. Akatoa mfukoni kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na mkufu uliokatika uzi. Niliokota shanga moja nikaitazama kwenye mwanga.

"Hii ni ya Ucheki," nikamwambia. Kwangu halikuwa jambo la ajabu. Shanga nzuri tunazouziwa hapa Jo'burg nyingi hutoka huko, imeandikwa kwenye pakiti.

Mzee akakaa kitini bila kukaribishwa. "Hii aliitengeneza mama yangu," akasema.

Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa fundi mitambo mstaafu, akiishi Randburg na binti yake. Alizaliwa katika mji mdogo chini ya milima ya kaskazini mwa Ucheki. Aliondoka kijana, mwaka ambao vifaru vya kigeni viliingia kwao, na hakurudi tena. Hata mama yake alizikwa yeye akiwa huku. Kila alipokuja kuuangalia mkufu wake, nami sikuwa na haraka ya kuumaliza, alinisimulia habari za mji ule: uwanja wa katikati wenye nguzo ya Bikira Maria iliyosimamishwa baada ya tauni kupita, mnara wa mawe juu ya kilima, na vibanda nyuma ya nyumba ambamo watu waliyeyusha vijiti vya kioo na kuvibana viwe shanga. Zamani wengi wa wakazi walikuwa Wajerumani. Baada ya vita walifukuzwa, kila mtu na mzigo aliouweza, na familia kama ya kwao zikahamia kwenye nyumba ambazo masufuria yalikuwa bado mekoni. Hilo alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini.

Siku moja binti yake akanipigia simu. "Baba amekata tiketi ya kwenda kwao, na mimi nimevunjika mguu. Hataki nesi. Anasema nesi hataelewa anachokitazama. Anakutaka wewe."

Nilipiga ukelele hadi fundi mwenzangu akaangusha mkasi.

"Weye, ni nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Naenda zinakotoka shanga!"

Akanitazama, kisha akachukua futi yake ya kupimia. "Simama nikupime. Na kile kikoti yako ya hapa, baridi ya kule itakukula."

Viza ilipotoka, koti lilikuwa tayari, zito kama godoro.

Tulifika mjini kwa treni ndogo ya mabehewa mawili, mchana wa jua kali lisilo na joto. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mzee mkono, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinizuia nisikimbie. Nguzo ile hapo! Kanisa lile, na kuba lake kama kitunguu kilichogeuzwa! Nyumba za magogo meusi yaliyozibwa kwa mistari myeupe! Nilikuwa nazijua zote kabla sijaziona. Mbele ya duka la mikate mzee akasimama akavuta pumzi puani, akasema, "Harufu ni ileile," basi.

Asubuhi ya pili tulikwenda makumbusho, nyumba ya tajiri mmoja wa zamani aliyeuza vioo. Mama anayeitunza alitupitisha chumba kwa chumba, mzee akinitafsiria. Katika chumba cha mwisho kulikuwa na mbao zilizofungiwa safu za shanga, sampuli za biashara ya Afrika. Nikainama. Safu ya tatu, nyekundu yenye moyo mweupe, ndogo kama punje za mtama. Moyo ukanipiga paa. Bibi yangu alikuwa nazo, nilizisikia zikilia kila alipogeuka jikoni.

"Anauliza kama unazifahamu," mzee akasema. "Kadi imeandikwa ni mikufu ya shingoni."

Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia.

"Si za shingoni, mzee."

"Za wapi?"

"Mwambie... mwambie ni za kiunoni. Ndani ya nguo. Za wanawake, na waume zao."

Mzee akawa mwekundu kuliko zile shanga. Akatafsiri huku akitazama dari. Yule mama alitoa macho, akaziba mdomo, kisha akacheka hadi akashika meza. Akatoa kalamu pale pale, akakata mstari juu ya kadi, akaandika upya.

Mchana tukachukua teksi hadi kwenye mnara. Mzee hakuweza kupanda, akabaki kwenye benchi chini. Nilipanda peke yangu, ngazi za kuzunguka, na koti langu. Juu upepo ulinipiga makofi, na mji wote ukawa chini yangu, paa kwa paa, na nyuma yake milima yenye misonobari. Simu ikalia, mzee ananipigia kutoka chini.

"Unaliona kanisa?"

"Naliona!"

"Fuata mto kushoto. Daraja. Baada ya daraja, nyumba ya nne."

"Moja, mbili... Ipo! Paa la kijivu!"

"Nyuma yake kuna kitu?"

Nikainama juu ya ukuta. "Kuna kibanda, mzee! Kina bomba la moshi!"

Nilimwona kule chini, mdogo kama kidole, amevua kofia.

Tulikwenda hadi kwenye nyumba ile. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mzee alijieleza, naye akatupeleka hadi nyuma bila maswali mengi. Kibandani mlikuwa na baiskeli na kuni. Tanuru lilishabomolewa. Mzee alisimama katikati akionyesha kwa fimbo mahali mama yake alipokaa na koleo lake, uso kwenye moto, huku redio ikiimba. Mimi nikapiga magoti nikachakura udongo kando ya kizingiti, na shanga zikaanza kutoka, moja, mbili, kumi, buluu na kijani, zilizoharibika zikatupwa. Mzee akachuchumaa karibu yangu, mtu ambaye kufunga kamba za viatu kulimshinda, akachakura pia. Machozi yalimtoka na huku anacheka. Mtoto wa yule mwanamke akataka zote azitie mdomoni.

Kesho yake tulipeleka maua makaburini. Jiwe la mama yake liko kati ya mawe ya Kijerumani yaliyomezwa na mizabibu ya porini, na mzee aliyasafisha hayo pia, matatu, kabla hajachoka.

Tuliporudi Jo'burg nilieleza safari yote kwa siku tatu mfululizo. Fundi mwenzangu aliposikia ya makumbusho aliacha cherehani. "Kwa hiyo umevuka bahari yote ile," akasema, "juu ya kuenda kufundisha Wazungu mambo ya kiuno?" Alicheka hadi majirani wakaja, ikabidi nianze upya, tangu kwenye treni.