Mche wa Mzee Bukuru

Auleria wa Mbuba alipanda mti kwenye kaburi la mumewe Danstan, ukafa. Akapanda wa pili, nao ukakauka. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba marehemu alikufa na kinyongo naye moyoni. Maneno hayo yalimuumiza kuliko ujane wenyewe.

Aliyemtoa aibu hiyo alikuwa mkimbizi. Mzee Bukuru, Mrundi wa kambi ya Lukole, alikuwa akija kufanya kibarua kwenye kitalu cha miche cha Auleria. Siku moja aliung'oa ule mti mkavu, akamwonyesha mizizi iliyojiviringa ndani ya kiriba, mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Auleria alikuwa ameupanda na plastiki yake, akidhani itatunza maji.

"Danstan hana kosa, mwanangu," alisema mzee. "Mti ulifungwa."

Akamfundisha kushona viriba vya maganda makavu ya mgomba, ambavyo hufukiwa pamoja na mche vikaozea ardhini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mti wa tatu ulishika.

Mwaka ambao serikali ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, bwana misitu alifika kitaluni na karatasi zake, akahubiri asubuhi nzima juu ya vifungashio mbadala. Alipoviona viriba vya Auleria alitoa kalamu aandike jina la mbunifu.

"Andika Bukuru," alisema Auleria.

"Mkimbizi? Huyo si anarudi kwao?"

Kalamu ikarudi mfukoni. Ndivyo walivyo watu wa karatasi.

Ni kweli mzee alikuwa akirudi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya malori, na mzigo alioujali ulikuwa mmoja tu: mche wa mvumu wa kupanda kwenye kaburi la mama yake huko kwao Muyinga, mama ambaye hakuwahi kumzika. Auleria aliahidi kuumwagilia hadi siku ya safari, na aliumwagilia. Malaria ikamchukua mzee siku nne kabla ya lori.

Auleria alilia kama aliyefiwa na baba. Akaubeba mche hadi makaburi ya kambini, akachimba shimo dogo upande wa kichwa wa kaburi la mzee, akauweka humo. Mchimba kaburi akamzuia.

"Mama, umesahau kuondoa kiriba."

"Sijasahau," alisema Auleria, akaanza kufukia kwa mikono. "Alikishona mwenyewe kwa ajili ya safari ya kwao. Acha aende nacho."