Majibu Arobaini ya Masese

Mwaka jana nilisimama kwenye ukumbi wa chuo kimoja Mbale, mbele ya maprofesa na wageni wenye tai, nikasema utafiti wao ni uongo mtupu.

Nilijua, kwa sababu uongo wenyewe niliutunga mimi.

Naitwa Habibah. Mimi ni Mnubi, kabila la Uganda linalojulikana kwa Kiswahili, mzaliwa wa Masese, Jinja, na nakausha mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Sijasoma sana, lakini mdomo ninao.

Miaka miwili kabla ya hapo, asubuhi moja, alikuja mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mwanaume mrefu. Nywele fupi, buti nyeusi, faili mkononi, Kiswahili kimenyooka. Alikuwa mtafiti wa chuo hicho anayesomea shahada ya udaktari, anaitwa Lawrence, lakini hilo tulilielewa baadaye.

Kwetu Kiswahili ni lugha ya askari, kwa hiyo mtu akija nacho na karatasi, kina mama wanasikia jeshi. Jirani yangu Nabirye, Msoga, alinisukuma mbele.

"Habibah, ongea wewe. Hii lugha ni yenu."

Basi nikaongea. Nikamwita afande. Hakukataa.

Akauliza tunakausha samaki wapi. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunawamwaga mchangani, na maofisa wa uvuvi walishatukataza.

"Sisi yote nakausha juu ya vichanja, afande," nikasema.

Akauliza mvua inatuharibia kiasi gani. Nikasema haituharibii kitu, maana nilidhani akisikia tunauza samaki walionyeshewa atafunga mwalo.

Alihoji wanawake arobaini siku hiyo, na mkalimani nilikuwa mimi. Wengine walisema ukweli kwa Lusoga, mimi nikautafsiri kuwa vichanja. Alipoondoka tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kumbe tulikuwa tunajichimbia kaburi.

Mwaka jana tukaitwa Mbale kusikiliza matokeo. Tukaenda mimi na Nabirye, tukalala kwa binamu yangu mtaa wa Namakwekwe, asubuhi tukajitokeza, Nabirye na gomesi lake, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, mimi na leso zangu.

Nabirye alikuwa na hali mbaya. Mvua zilikuwa zimemwozeshea mukene wa wiki tatu, wote wakaishia kuwa chakula cha kuku. Alishaniambia zikimpiga tena anaacha kazi, anarudi kijijini na watoto wake.

Lawrence, sasa daktari, akawasha projekta. Picha ya kwanza ilikuwa ya mashine za kukausha samaki kwa jua, zenye paa ambalo mvua haipiti. Chuo kilikuwa kimetengeneza sita kwa ajili ya wanawake wa ziwani. Nabirye akanibana mkono.

Picha ya pili ilisema Masese haihitaji. Wanawake wote wana vichanja, hasara sifuri. Mashine zote zinakwenda mwalo mwingine.

Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

Mwenyekiti, Profesa Isiko, akasema maswali ni mwishoni. Nikamwambia mimi sina swali.

"Hayo majibu ni yangu, arobaini yote. Niliongopa, na nitaongopa tena mtu akija kwangu na buti."

Profesa akanijibu kwa upole, kama anayemfariji mgonjwa, kwamba basi mama, kosa ni lenu, na mashine zimeshagawiwa.

Hapo nilichemka. Nikamwambia kosa langu nimelibeba kutoka Jinja mpaka hapa, je, lao atalibeba nani? Wanawake arobaini wanatoa jibu moja, neno kwa neno, na chuo kizima hakishtuki. Mtu anapewa udaktari.

Nikamgeukia Lawrence. "Wewe bwana, siku ile ulipita wapi kufika kwangu?"

Akavua miwani. Nilitegemea ajitetee.

"Nilipita juu ya mukene," akasema. "Walikuwa mchangani kila mahali. Niliwakanyaga, mama. Niliona."

"Sasa kwa nini hukuandika?"

"Fomu ilikuwa na nafasi ya majibu yenu tu. Na uliponiita afande, nilipenda."

Yaani wote wawili tulijua. Mimi niliongopa kwa woga, yeye akaandika kwa macho makavu.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi za jukwaa, Nabirye akakaa kando yangu, nikatangaza hatutoki mpaka waandike upya. Walituletea askari wa getini, tukamwangalia tu. Saa kumi jioni Profesa Isiko akasaini karatasi: utafiti unarudiwa, na mashine haziendi kokote kabla haujaisha.

Lawrence alirudi Masese mvua zilipoanza, safari hii na kandambili. Faili alishika Nabirye, akauliza wenzake kwa Lusoga, na hakuna aliyemdanganya. Lawrence tulimpa beseni la mukene akaanika mchangani kama sisi. Siku ya pili mvua ikaja, akakimbizana nayo, ikamshinda. Mukene wake waliooza aliwaandika mwenyewe.

Tumepata mashine mbili, sio sita. Nabirye hajaondoka.

Ninyi mnaosoma vyuoni, mkija kwetu kuuliza, tazameni mnapokanyaga na hapo pia mpaandike. Na sisi tunaoulizwa, tukimwogopa mtu tumwambie usoni kwamba tunamwogopa. Uongo wangu ulisoma mpaka ukapata udaktari, mimi mwenyewe nikabaki na samaki waliooza.