Gazeti la Watu wa Nyota

Wiki iliyopita nilishuka stesheni ya Minto, hapa Sydney, ndugu yangu, baada ya miaka mingi ya kupita tu kwa treni nikienda kazini Campbelltown. Nilitaka kuona mtaa wetu. Sikuuona. Nyumba za serikali tulizopewa tulipotoka kambi ya wakimbizi zimebomolewa, zimesimamishwa za ghorofa, na pale ilipokuwa gereji ya jirani yetu watu wanaegesha magari. Nikacheka peke yangu. Mama mmoja na mbwa wake walinipisha njia kama wanampisha mwendawazimu. Hakujua kwamba alikuwa anampisha mhariri.

Ndiyo, mhariri. Hata kuvunja ungo bado, nilikuwa nahariri gazeti la safari za angani, kwa Kiswahili, humo humo Minto. Kama kuna mwingine katika Sydney hii aliyenitangulia, na ajitokeze tuonane.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiingereza, mjane, nasi tulimwita Papa Jirani. Katika ujana wake huko Uingereza, miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, yeye na wenzake walikuwa wakitunga hadithi za roketi na sayari za mbali, wakizichapa wenyewe nyumbani na kutumiana kwa posta. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga mwezini, na watu wa mtaani kwao waliwaona wamechanganyikiwa. Gazeti lao halikuwa na bei. Ukilitaka, unatuma la kwako, au unaandika barua kusema umelionaje la mwisho. Ukinyamaza, unakatwa. "Gazeti letu halinunuliwi, linajibiwa," ndivyo nilivyomtafsiria mama maneno yake. Alihamia huku na mashine yake ya kuchapia, nayo ilikuwa bado gerejini, imefunikwa shuka.

Mama aliiona siku alipompelekea mzee sahani ya sombe, kisamvu chetu. Akaiweka sahani chini, akaufunua mpini. "Roneo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na shemeji yake sokoni. Kule Uvira, Kongo, alikuwa karani wa shule, na mitihani yote aliichapa kwa mashine kama ile. Papa Jirani hakujua Kiswahili wala Kifaransa, lakini neno hilo alilielewa vizuri. Jumamosi iliyofuata sisi watoto tukaajiriwa bila mshahara.

Ile gereji wakati wa likizo ya Januari ilikuwa moto kama tanuri, na wino ulilainika ukachafua kila kitu. Hadithi, wakati huo bado kwa Kiingereza, ilichapwa kwenye stensili, karatasi ya nta, taipureta ikiwa imetolewa utepe ili herufi zitoboe. Ukikosea, unapaka dawa inayonukia kama rangi ya kucha na kungoja ikauke. Kisha mama anazungusha mpini, kachaka, kachaka, na kurasa zinatoka mbichi. Tulizipanga mezani mafungu mafungu, halafu tukaizunguka meza tukiokota moja moja, mstari wa watoto wenye vidole vyeusi, mpaka gazeti likamilike. Kazi ikiisha mama alitukaangia mandazi. Papa Jirani andazi lake alilipaka ile siagi nyeusi ya chumvi wanayoipenda hapa, nasi kwa heshima hatukusema kitu.

Sasa sikia jambo lenyewe. Nyumbani tulikuwa na Koko, yaani nyanya yetu, mama mzaa baba. Kiingereza hakukijua hata neno. Nasi wajukuu tulikuwa tumelewa Kiingereza; akituuliza kitu kwa Kiswahili tunamjibu kwa Kiingereza huku tunakimbia. Siku moja alimwambia mama mbele yetu kwamba vita haikumfanya mgeni, kambi haikumfanya mgeni, wajukuu wake ndio waliomfanya mgeni. Baada ya hapo akanyamaza. Alikula kidogo, akasali, akakaa dirishani. Mama akaanza kuogopa kwamba huzuni itamwondoa.

Ndipo mama akatoa amri: toleo linalofuata ni Kiswahili, la sivyo roneo haizunguki. Papa Jirani alikubali papo hapo. Alisema watu wa sayari nyingine hawana sababu ya kuongea Kiingereza. Nikaandika, kwa jasho, hadithi ya wasafiri wa angani waliofika nchi ya watu wa nyota. Nikamsomea Koko, naye uso ameupa dirisha. Nilipomaliza akanigeukia, akaniuliza, "Na hao watu wa nyota, hamkuwapa hata maji?"

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Koko alizaliwa milimani juu ya Uvira, Kiswahili alikipata ukubwani, na katika lugha ya mama yake nyota ni kiu. Muda wote alikuwa anasikiliza habari za watu wanaokufa kwa kiu, na wasafiri wapumbavu wanaowasalimia na kupita.

Papa Jirani, nilipomweleza, alipiga meza kwa furaha. Akasema mhariri hapati barua nzuri kuliko hiyo, ichapwe. Ikachapwa, Koko akisema, mimi nikiandika. Na hakuishia hapo, akataka hadithi yote igeuzwe. Nani aliyeziba mito yao? Mfalme wao yuko wapi? Nikikwama alinipa neno, na nikichomeka la Kiingereza alinikatiza: "Weye, kamata la kwenu." Nyumba ikajaa kelele zake. Watu wetu wa Mount Druitt na Fairfield wakaanza kutuma barua kupitia kanisani, kila mmoja akijifanya anajua zaidi yetu namna ya kuwanywesha wale watu. Hata wazee wenzake Papa Jirani huko Uingereza walijibu, na hawakuelewa neno hata moja.

Papa Jirani ameshakwenda, na mashine ilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Siku hizi naandika kwenye simu, watu wananitumia kidole gumba, basi. Hilo silihesabu kuwa jibu.

Koko alitutoka hospitalini. Siku ya mwisho daktari alileta simu yenye mkalimani, sauti ya Kiswahili safi, yenye adabu. Koko akaisikiliza kidogo, akanigeukia.

"Mwambie asante, apumzike," akasema. "Mimi nina mjukuu."