Seva ya Kina Mama wa Nyaishozi

Immaculata Uwingabire ana kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi ya Kayanga, na ana kichwa kigumu. Kina mama walima kahawa wa Nyaishozi, alikozaliwa, walipolalamika kwamba picha na mashauri yao yanapotelea kwenye magrupu ya simu, aliwaambia atawajengea mtandao wao wa kijamii, ukae kwenye seva yao wenyewe. Wenzao wa Kyerwa walikuwa nao tayari, chini ya fundi aitwaye Aimable. Kila seva ingekaa kwake, ila zingepelekeana habari kama majirani.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu aliyoifufua. Aliiweka sebuleni kwa Mama Laurensia, mwenyekiti wa kikundi, kwa kuwa ndiye mwenye intaneti. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha umeme ukakatika, ukarudi, na tangu hapo Kyerwa hawakupata kitu. Kina mama waliandika wakaishia kusomana wenyewe kwa wenyewe.

Immaculata akafuta programu, akaiweka upya, akabadilisha hata waya. Wapi. Mwishowe alimpigia Aimable, akamwambia kwa upole uliokaribia kuisha kwamba huenda tatizo liko upande wake. Aimable hakukasirika. Alisema ujumbe unafika, ila seva yake inaukataa kwa kuuona umepitwa na wakati.

"Nautuma sasa hivi, unafika umezeeka?" Immaculata aliuliza.

"Tazama saa ya mashine yako, dada."

Akaingia kwenye mashine hiyo kwa mtandao kutoka kibandani kwake, akaitazama. Ilikuwa nyuma kwa saa sita kamili. Akaona aibu kidogo, akairekebisha, na ujumbe ukapita. Umeme ulipokatika tena na kurudi, ikawa nyuma saa sita zilezile. Hilo ndilo lililomnyima raha. Betri ndogo ya ndani ikifa, mashine husahau hata mwaka. Hii ilikumbuka mwaka, mwezi na tarehe, ikakosea saa tu. Akapanda pikipiki hadi Nyaishozi kujionea.

Alimkuta Mama Laurensia akichambua maharage. Wakasalimiana, wakaanza kuzungumzia mvua, na haukupita muda umeme ukaenda zake. Uliporudi, mama alifuta mikono kwenye khanga, akaiwasha mashine. Ikasimama njiani, ikauliza tarehe na saa. Mama akajaza tarehe bila kosa, akatazama simu yake kwa makini, kisha akaandika nne.

"Mama, umeandika saa ngapi?"

"Saa nne. Si ndiyo saa nne asubuhi hii?"

Immaculata alicheka mpaka akakaa chini. Alipoweza kusema, alieleza kwamba mashine inahesabu Kizungu, na kwake muda huu ni saa kumi.

"Saa kumi watoto wanatoka shule," alisema Mama Laurensia. "Hapo mimi nimekosea nini?"

Immaculata aliifungua mashine. Aliweka betri mpya, akaiamuru mashine ichukue saa mtandaoni yenyewe, isimsumbue mtu.

Kisha mama akatuma picha ya miche yake ya kahawa, iliyokuwa imenyong'onyea. Kabla chai haijapoa, mwanamke wa Kyerwa aitwaye Mahoro alijibu: kivuli cha migomba kimezidi, apunguze. Mama Laurensia alilisoma jibu hilo mara mbili. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kwamba Mahoro aje alione shamba mwenyewe, na asile njiani, ndizi za ebitoke zipo.