Nilivyogawa Supu Kwenye Karamu Niliyoalikwa

Naona aibu kuisimulia hii, lakini kwa kuwa mke wangu Furaha ameshaisambaza kanisani kwa namna yake, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, natoka Bukavu, na kiduka changu kiko hapa Greyville, chini ya maghorofa. Mama Naidoo, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea kazi kubwa: chama chao cha kusaidia wazee kiliandaa karamu katika hoteli moja ya zamani, na wageni wote walitakiwa kuvaa kama watu wa miaka ile ya kati ya vita viwili vya dunia, na chakula kiwe cha wakati ule, na muziki pia. Nikashona makoti yenye mikia, nikashona magauni ya hariri, mpaka vidole vikakataa kukunjika. Mwisho akaniambia, “Faustin, na wewe utakuja, tena kama mgeni. Nitakuketisha na Thandeka, yule wa kwenye televisheni, na mzee mmoja mtayarishaji wa tamthilia anayetafuta fundi wa kudumu wa mavazi.” Eish, fundi wa kudumu! Furaha alifunga siku mbili akiniombea.

Bon, siku yenyewe nikapiga pasi tai yangu nyeupe ya kipepeo, nikaiunguza. Nilikuwa na nyeusi, nikaivaa, nikaona ni kitu kidogo. Kumbe zamani hizo (na mimi ndiye niliyewafundisha wateja wote, jamani!) mgeni alivaa koti lenye mkia na tai nyeupe, na mgawa chakula alivaa koti lile lile na tai nyeusi.

Nikafika, na kabla sijaiona meza yangu, mama mmoja mwenye shanga mpaka magotini akaninyooshea glasi tupu bila hata kuniangalia. Ningesema tu, “Samahani mama, mimi ni mgeni.” Mimi nikasema, “Yes, madam,” nikaipokea, na kwa kuwa sikujua niiweke wapi nikawafuata waliobeba nyingine, nikajikuta jikoni.

Mkubwa wa wagawaji alikuwa Mrundi mmoja, Déo. Akaniuliza kwa Kiswahili, “Ni wewe umekuja badala ya Innocent?”

“Hapana papa, mimi ni...”

“Umechelewa, halafu unaniambia hapana? Shika hii! Meza ya nne, ya tano, ya sita. Haraka!”

Bakuli kubwa la supu likawa mikononi mwangu, na lilikuwa la moto, na mtu hajielezi akiwa ameshika moto. Nikajiambia, nigawe hii tu, kisha nikae kimyakimya. Meza ya nne salama, ya tano salama (mtu mmoja hata alinisifu), na ya sita nikakuta kiti kitupu na kikaratasi chenye jina langu. Nikajimiminia na mimi, tena vizuri. Kando ya kiti alikaa Thandeka, ndani ya gauni langu la hariri ya kijani, na yule mzee wa tamthilia akaniambia, “Kijana, niletee pilipili.” Nina miaka arobaini na sita.

Hapo Mama Naidoo akashika maikrofoni. “Miaka ile,” akasema, “bibi yangu, kwa sababu ya rangi yake, aliingia hoteli kama hizi kwa mlango wa jikoni tu. Leo aliyetuvalisha sote ameketi nasi mezani. Faustin, simama tukuone!”

Sasa nisimame vipi, na mimi nimesimama tayari? Watu wote wakakigeukia kile kiti kitupu. Nikainua mkono, ule wenye upawa.

“Niko hapa, mama.”

Thandeka akageuka ghafla, kiwiko chake kikapiga bakuli, na supu ya njegere ikamwagikia gauni lote, kijani juu ya kijani. Nikapiga magoti nikaanza kufuta, na nilipoinua macho nikaona Mama Naidoo analia.

“Nani amempeleka huyu mtu jikoni?”

Déo, pale mlangoni mwa jikoni, akaangalia dari. Nikasema, “Hakuna mtu, mama. Nilijipeleka.”

Aliyecheka kwanza ni Thandeka mwenyewe. Alikula karamu yote amevaa koti langu, mimi nikabaki na shati, na yule mzee akaukunja mkono wa koti lile, akachunguza mishono ya ndani, kisha akaniagiza makoti matatu ya majaribio. Ile kazi ya kudumu alipewa mwingine. Mama Naidoo alichukua wiki tatu kunisamehe.

Niliapa kwamba mtu akinidhania mwingine, namsahihisha papo hapo. Na juzi, harusini Queensburgh, nilikokwenda nikiendesha gari la shemeji, mama mmoja akaniita mbele ya watu, “Wewe, dereva!” Nikanyoosha shingo. “Mama, mimi naitwa Faustin Bahati, ni fundi wa nguo, na nimealikwa.”

“Sawa, Papa Faustin,” akasema. “Lakini gari lako limemzuia bibi harusi.”