Utepe Mwekundu wa Edvânia

Saa mbili asubuhi, Edvânia Queiroga anasogeza kando sahani ya kuskusi ya mahindi na kukodolea macho maonyo yaliyojaa kwenye skrini yake. Nje, mji wa Campina Grande unanukia kuni. Kesho kutwa ni mkesha wa Mtakatifu Yohana, na majirani wameshapanga magogo ya moto wa sikukuu mbele ya milango yao.

Maonyo yanasema kumbukumbu inavuja.

"Naona ni uongo," anasema, akimimina kahawa. "Lakini hata uongo unataka ushahidi."

Edvânia, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni fundi wa kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya ndani kabisa inayozigawia nyingine nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nafasi ikichukuliwa isirudishwe, imevuja. Zikivuja nyingi, mashine inakwama.

Kwa hiyo ndani ya kiini kuna mkaguzi. Hupita akitafuta anwani ya kila nafasi. Asipoiona popote, hupiga kelele kwamba nafasi hiyo imetelekezwa. Ila macho yake hayafiki kila mahali. Kadi ya mtandao ikiifumbata anwani mkononi mwake, mkaguzi haioni, na hulalamika bure.

Malalamiko hayo yamemchosha Wellington, anayesimamia programu ya kadi hiyo. Anapiga simu kutoka Recife.

"Dada, mkaguzi wako mbea huyo. Zibandike zote alama ya 'haijavuja', twende zetu tukacheze ngoma ya forró. La sivyo, Ijumaa namzima moja kwa moja."

"Ukimzima, siku ikivuja kweli utaambiwa na nani?"

"Na wateja."

"Wateja hawasemi, Wellington. Wanahama."

Edvânia anainua macho ukutani. Pale inaning'inia kodiani kuukuu, imefungwa utepe mwekundu.

Baba yake, Mzee Genival, alikuwa fundi wa kodiani karibu na soko. Leo pale panauzwa vifuniko vya simu. Zamani palinuka nta na ngozi, na mtu alisikia sauti moja ikijaribiwa mchana kutwa mpaka ikubali. Kodiani zilitundikwa darini, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Isiyo na karatasi, lakini mzee alimjua mwenyewe, ilifungwa utepe mwekundu.

"Mama alitaka kuuza kila isiyo na karatasi," Edvânia anajisemea, akikumbuka. "Mjomba Adauto, kwa uvivu wake, akazifunga utepe zote ili asiulizwe. Mwaka ule panya walizalia ndani ya mivukuto ya zile zisizo na mtu."

Mzee alizikata tepe zote kwa kisu. "Utepe si wa kumziba mama yako mdomo," alimwambia shemeji yake. "Ni kiapo kwamba najua nani mwenyewe."

Na alijuaje? Alingoja sikukuu. Mpigaji aliye hai hawezi kukaa Mtakatifu Yohana bila kodiani yake. Itakayobaki darini moto ukizimika, hiyo haina mtu.

Edvânia anacheka peke yake, kisha anarudi kwenye simu.

"Tuwaite wenyewe," anamwambia Wellington. "Naifunga kadi. Irudishe kila inachoshika, halafu mkaguzi apite tena."

Anaandika amri. Mkaguzi anapita. Maonyo yanapukutika yote, isipokuwa moja.

"Hilo nalo lipe alama, basi," Wellington anasema.

"Hilo ndilo linavuja, kaka. Kadi ikikataa kuwaka, programu inatoka bila kurudisha nafasi."



"Mshenzi gani aliandika hapo?"

"Jina lako lipo juu yake."

"Basi mkaguzi abaki," Wellington anasema polepole. "Na usiwasimulie watu wa forró."

Edvânia anaziba lile tundu. Kwa nafasi zilizolalamikiwa bure anaweka alama, na kando ya kila alama anaandika sentensi moja: nani ameishika nafasi hii, na ataiachia lini.

Mzee Genival anatoka chumba cha nyuma kutafuta kahawa. Bintiye anamwonyesha ukuta kwa kidevu.

"Na hii, baba? Mwenyewe, Valdomiro, alikwenda São Paulo nikiwa bado sijui kusoma."

"Alisema atarudi Mtakatifu Yohana."

"Hajarudi."

"Kwani alisema wa mwaka gani?"

Edvânia ana mpango. Mwaka huu anataka kufungua tena karakana katika chumba cha mbele na kujifunza kazi ile mikono ya mzee ikiwa bado imetulia. Msumari wa kwanza ataugongea mlangoni.

"Ya Valdomiro itaning'inia pale," anasema. "Akipita, aione bila kuuliza. Na utepe utabaki. Baba ameapa."