Mwalimu Anayeozesha Maneno

Mwalimu wa Kiingereza aliye juu ya duka la kuku wa kukaanga, pale Daegu, Korea, hafundishi maneno; anayaozesha. Huchomeka kalamu nyekundu kwenye fundo la nywele, akagonga ubao kwa kijiti cha kujikunia mgongo, na kuuliza kitenzi hiki mumewe ni nomino ipi. Kihusishi kwake ni mama mkwe: hukumwalika, lakini yumo. Mwanafunzi wake Gyuri alipouliza kwa nini Waingereza husema dawa "wanaichukua", si "wanaila" kama Wakorea, alijibiwa kama wanavyojibiwa wote: "Usiulize kwa nini. Wameoana, basi. Kariri."

Jumamosi moja mama wa mwalimu aliingia katikati ya kipindi na ndoo ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na picha ya daktari wa meno. "Mwanangu, hata huyu umemkataa? Ana nyumba, hanywi. Kasoro yake nini?"

Mwalimu alipapasa kalamu nyweleni kana kwamba jibu limechomekwa humo. Gyuri akaona masikio ya mwalimu yamewiva, akamwonea huruma.

"Bibi," alisema kwa adabu, "hapa hatuulizi kwa nini. Hawaendani, basi."

Darasa zima likamalizia: "Kariri, bibi."